Oscar Tshiebwe: nguvu chini ya ringi, na karatasi ya kontra

Tarehe 22 Juni 2023, kule Brooklyn, New York, majina 58 yaliitwa usiku mmoja. Kila jina lilikuwa la kijana aliyechaguliwa na timu za NBA, ligi ya basketi iliyo kubwa kuliko zote duniani. Mtoto wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe, alikuwa kati ya waliongojea. Mwaka mmoja tu mbele ya hapo alitangazwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Majina 58 yakaisha. Lake halikuitwa.

Sisi wa sendika ya wachimbaji hapa Maniema tumezoea kuandika juu ya bei ya kasiterite, juu ya mashimo yanayoporomoka, juu ya mizani ya wanunuzi. Leo tunaandika juu ya basketi, na tuko na sababu mbili. Ya kwanza: kwenye kila karieri, iwe Kalima, iwe Kailo, iwe Punia ao Namoya, kuko mzazi mwenye kijana mrefu, na kuko watu wanaomwambia: « Mutoto mulefu hivi anafanya nini hapa? Mumupeleke Amerika! » Ya pili: njia ya Tshiebwe ni njia ya mfanyakazi kabisa. Nguvu iko, jasho iko, sifa iko, lakini makuta yanapita njia nyingine. Anayeishi kwa kuchimba ataelewa hadithi hii upesi.

Mtoto wa mji wa shaba

Tshiebwe alizaliwa tarehe 27 Novemba 1999 huko Lubumbashi. Reli inayoanzia hapa Kindu ndiyo inafika mpaka kwao, hata kama safari inaweza kula siku mingi. Sawa na watoto wetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, alianza na mpira wa miguu. Basketi ilikuja nyuma, wakati alikuwa tayari kijana anayerefuka haraka. Leo anapita mita 2.

Alipofika Marekani hakupelekwa kwenye timu. Alipelekwa shule. Shule ya kwanza ilikuwa Mountain Mission, katika mji mdogo wa Grundy, jimbo la Virginia, ndani ya milima ya makaa ya mawe. Baadaye akasoma Kennedy Catholic, mji wa Hermitage, jimbo la Pennsylvania. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Ilibidi ajifunze huku akifanya mitihani na huku akicheza. Mwaka 2019 alimaliza sekondari, na alikuwa ameitwa kwenye mechi ya vijana bora wa sekondari wa nchi nzima.

Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha West Virginia, mji wa Morgantown. West Virginia ni jimbo la wachimbaji wa makaa, watu waliopigania sendika yao kwa miaka mingi, tena kwa damu. Msimu wa kwanza Tshiebwe alipata wastani wa pointi 11.2 kwa mechi. Msimu wa pili mambo hayakwenda vizuri. Januari 2021 akaondoka na kuhamia Chuo Kikuu cha Kentucky, mji wa Lexington.

Kentucky vilevile ni nchi ya makaa. Oktoba 2022 timu ile ilikwenda kucheza mechi ya mazoezi huko Pikeville, katikati ya milima, ili kuchanga makuta ya kusaidia watu waliopigwa na mafuriko. Tshiebwe mwenyewe alikuwa nje juu ya goti. Mchimbaji mmoja alitoka shimoni akaenda uwanjani moja kwa moja, hakupita nyumbani hata kunawa, ili asikose kukaa na mtoto wake mdogo. Mtu fulani akapiga picha: baba mweusi kwa vumbi la makaa, mtoto kando yake, macho yote kwenye mchezo. Picha ile ilizunguka dunia. Watu wa namna hiyo ndio waliompenda Tshiebwe. Walitambua kazi yake walipoiona.

Kazi ya pivo

Kwa wasiojua basketi tuseme kidogo. Ringi iko juu, mita 3.05 toka chini. Wachezaji wengine wanarusha mpira kutoka mbali, na wao ndio wanaimbwa. Pivo anasimama chini ya ringi, pale penye viwiko na mabega. Mpira ukikosa, unarudi, na lazima mtu aupate. Kama hakuna wa kuupata, timu nyingine inaondoka nao na kazi yote ya wenzake inakufa bule. Pivo lazima asome mpira utaangukia wapi, aweke mgongo kwa mpinzani, ashikilie nafasi yake, halafu aruke. Anafanya vile mara hamsini kwa usiku ili kufaulu mara kumi na tano.

Mwaka wa 2021 mpaka 2022 Tshiebwe alifanya kitu ambacho hakikuonekana kwenye vyuo vikubwa vya Marekani kwa zaidi ya miaka 40: wastani wa pointi 17.4 na mipira 15.1 iliyookotwa kwa kila mechi. Wakamvisha zawadi zote kubwa za mchezaji bora wa mwaka. Moja ya zawadi zile inaitwa kwa jina la Oscar Robertson. Msomaji ashike jina hilo, tutalirudia.

Nguvu ya mtu mmoja iko na mpaka wake. Machi 2022, kwenye mashindano makubwa ya vyuo, Kentucky ilikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho watu wengi hawakuwa wanakijua. Tshiebwe alifunga pointi 30, akaokota mipira 16. Kentucky ikapigwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kama kidole chenyewe ni kinene.

Alirudi mwaka mwingine. Machi 2023, kwenye mashindano yale yale, aliokota mipira 25 mbele ya Providence, na Kentucky ikashinda. Mechi iliyofuata, mbele ya Kansas State, alifunga pointi 25 na kuokota 18, wakatolewa. Hapo ndipo masomo na mchezo wa chuo vikaisha.

Nani anakula, nani anangojea

Sasa tuongelee makuta, sababu kwenye makuta ndipo sendika inafungua macho.

Uwanja wa Kentucky unaingiza watu kama 20,000. Tiketi zinauzwa, televisheni inalipa, jezi zinauzwa. Kocha wa wakati ule, John Calipari, alikuwa anapata zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Mchezaji alikuwa anapata masomo, kitanda na chakula. Kwa miaka mingi sheria za vyuo zilikataza mchezaji kupokea hata dola moja ya tangazo. Mwezi wa Julai 2021, baada ya mabishano marefu katika mahakama na mabunge ya majimbo, sheria ile ililegezwa: mchezaji akapewa haki ya kuuza jina lake na picha yake.

Lakini Tshiebwe alikuwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, na viza ile haimruhusu mtu kufanya kazi hivi hivi ndani ya Marekani. Wenzake wa timu, waliozaliwa kule, waliweza kutia saini matangazo. Yeye aliyekuwa bora kuliko wote alilazimika kujilinda, maana kosa moja lingeweza kumfukuzisha nchini. Ilingojewa mpaka Agosti 2022, timu iliposafiri kwenda visiwa vya Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Kule si ardhi ya Marekani. Basi kule ndiko alikopigwa picha za matangazo na kutimiza makubaliano yake, bila kuvunja sheria.

Tunalieleza hili polepole kwa sababu vijana wengi wanaona paka jezi na kelele za uwanja. Hawaoni kwamba mchezaji bora wa nchi nzima alipaswa kupanda ndege kwenda kisiwani ili alipwe kwa jina lake mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akakosa karatasi inayomruhusu kuitumia haki ile.

Mizani ya NBA

Sasa, juu ya nini majina 58 yalipita bila lake?

Mchimbaji anajua mambo ya mizani. Unaleta kilo zako, kilo ni zile zile za juzi, lakini mnunuzi anakuambia kwamba soko imebadilika. Katika basketi soko ya pivo imebadilika kweli. Zamani pivo alikuwa mtu wa chini ya ringi, basi. Leo timu nyingi zinatafuta mrefu anayeweza kurusha kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, na anayeweza kukimbizana na wafupi wenye mwendo mbali na ringi. Tshiebwe hakusifiwa kwa mambo hayo. Tena alikuwa na miaka 23. Timu za NBA zinapenda kuchukua kijana wa miaka 19, hata kama bado hajui kitu, kwa kuwa zinanunua miaka yake ya kesho.

Kijana aliyechaguliwa wa kwanza usiku ule, Mfaransa Victor Wembanyama, alianza na mshahara wa dola kama milioni 12 kwa mwaka. Hatusemi kwamba hakustahili. Tunasema tu kwamba kati ya wa kwanza na yule asiyeitwa kuko shimo refu, na wengi wa watoto wetu wanaota juu ya wa kwanza.

Kontra ya njia mbili

Tshiebwe hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda Indiana, timu ya Pacers, akapewa kontra wanayoiita ya njia mbili. Maana yake ni hii: mchezaji ni wa timu kubwa, lakini siku mingi anacheza kwenye timu yake ndogo, katika ligi inayoitwa G League. Timu kubwa ikimhitaji inamwita, akimaliza anarudishwa chini. Katika mechi 82 za msimu hawezi kuandikwa kwa zaidi ya 50, na kwenye mechi za mwisho za kugombea kombe haruhusiwi kucheza. Mshahara ni nusu ya ule mdogo kabisa wa mchezaji mpya: msimu ule ilikuwa karibu dola 560,000.

Kwa mtu wa Kindu hizo ni franga za ajabu. Lakini ni kontra ya muda mfupi, na timu inaweza kuikata. Goti likiharibika, mwili uliokulisha ndio huo huo unakuacha. Mwaka 2024 Tshiebwe alihamia Utah, timu ya Jazz, kwa kontra ya aina ile ile. Karibu na mji ule, Salt Lake City, kuko shimo la Bingham Canyon, moja ya mashimo makubwa kabisa ya shaba duniani. Mtoto wa mji wa shaba akafikia mji mwingine wa shaba. Na kule kwenye ligi ndogo aliendelea na kazi yake: mwaka baada ya mwaka yuko kati ya wanaookota mipira mingi kuliko wengine.

Ile kontra ya njia mbili ilitoka wapi? Patro hakuamka asubuhi moja akaifikiria kwa huruma. Ilianza mwaka 2017, katika makubaliano kati ya wenye timu na sendika ya wachezaji. Mwaka 2023 makubaliano mapya yakaongeza nafasi za namna hiyo kutoka mbili hadi tatu kwa kila timu. Ni msimu huo huo ndipo Tshiebwe aliingia. Na wachezaji wa ligi ndogo, waliokuwa wanalipwa kidogo sana, waliunda sendika yao mwaka 2020.

Ile ya NBA ni ya zamani: iliundwa mwaka 1954, na kwa miaka kumi wenye timu waliichezea. Tarehe 14 Januari 1964, mjini Boston, nyota wote wa ligi walikusanyika kwa mechi iliyopaswa kuonyeshwa kwenye televisheni. Wakajifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Walisema: hatutoki mpaka tupate ahadi ya pensheni. Wenye timu walipiga mlango, walitisha. Muda wa televisheni ulikuwa unakaribia. Mwishowe mkuu wa ligi alikubali, na mechi ikachezwa.

Mle chumbani alikuwamo Jerry West, aliyekulia katika nchi ya makaa ya West Virginia na kusoma kwenye chuo kile kile alichoanzia Tshiebwe. Alikuwamo pia Oscar Robertson. Ndiyo, yule mwenye jina la zawadi. Mwaka uliofuata Robertson alichaguliwa kuwa prezida wa sendika. Mwaka 1970 aliipeleka ligi mahakamani, na mwaka 1976 kesi ile iliisha kwa makubaliano yaliyowafungulia wachezaji njia ya kwenda timu nyingine kontra yao inapoisha. Oscar wetu wa Lubumbashi alipewa zawadi ya delege wa wafanyakazi. Sijui wangapi kati ya waliopiga makofi siku ile walijua, lakini sisi tumeona vizuri tuliandike.

Waliotangulia

Dikembe Mutombo, marehemu, ndiye aliyewafungulia Wakongo mlango. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, kwa bursi ya masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Basketi ilimkuta kule. Alimaliza na diploma ya lugha na diplomasia, na mwaka 1991 timu ya Denver ilimchagua wa nne. Alicheza misimu 18, akawa mlinzi bora wa NBA mara nne. Wenye timu walipofunga milango mwaka 1998 ili kuwabana wachezaji, Mutombo alikuwa katika kamati ya sendika iliyokaa mezani. Hospitali aliyojenga Kinshasa, yenye jina la mama yake Biamba Marie, ilianza kazi mwaka 2007. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na miaka 58.

Bismack Biyombo, wa Lubumbashi naye, hakupita chuo chochote. Alipita Uhispania, akacheza kule kama mtu mzima, halafu mwaka 2011 akachaguliwa wa saba. Mwaka 2022, baada ya kufiwa na baba yake, alitangaza kwamba mshahara wake wa msimu ule, dola milioni 1.3, unakwenda kujenga hospitali Congo.

Njia ziko tatu basi: moja ilianza na masomo, moja ilipita Ulaya, moja imepita vyuo viwili na kufikia kontra ndogo. Lakini hakuna hata moja iliyokwenda bila karatasi safi.

Kwa wazazi wa Kindu

Hapa kwetu AS Maniema Union imeonyesha kwamba timu ya Kindu inaweza kufika mpaka mashindano makubwa ya Afrika. Kwa hiyo hatumwambii kijana yeyote aache kuota. Tunamwambia mzazi wake aangalie mambo manne.

Moja. Anayekuja kuomba franga ili « kumpeleka mutoto Amerika », mfungie mlango. Bursi ya kweli inampa mwanafunzi, haimchukulii baba yake kiwanja wala mbuzi. Tumeona familia zinauza vitu vya miaka kumi kwa maneno ya nusu saa.

Mbili. Shule ya Marekani inayompokea mgeni lazima itoe karatasi inayoitwa I-20, yenye jina la shule na jina la mtoto. Iombeni. Halafu mtafuteni mtu anayejua Kiingereza apige simu shuleni, kwa namba mliyoitafuta ninyi, apana ile aliyoleta mjumbe. Viza inatolewa na ubalozi tu, hakuna anayeiuza.

Tatu. Ajenti wa mchezaji wa NBA haruhusiwi na sendika kuchukua zaidi ya asilimia 4 ya mshahara, na anachukua mchezaji akishalipwa. Anayetaka nusu, tena mbele, huyo ni mnunuzi mwenye mizani mbovu. Na paspoti inakaa na mwenyewe.

Nne. Diploma ya sekondari ipatikane kwanza. Mrefu bila masomo, vyuo vya kule havimpokei. Na hata kama goti litamwangusha, ao jina lake halitaitwa, diploma itabaki mfukoni.

Yule kijana wa Lubumbashi bado anaruka chini ya ringi, na hajalipwa sawa na nguvu yake. Lakini alijua alichotia saini, na nyuma yake kuna watu walioipigania ile karatasi miaka mingi mbele ya yeye kuzaliwa. Na wewe msomaji, ukiletewa karatasi usiyoielewa, iwe ya mgodi ao ya basketi, ilete kwa delege wako wa sendika mbele ya kutia saini. Tutaisoma pamoja.